Mkono wa kulia nusu kaputi, wa kushoto sindano ya kwapani: nimejaribu vyote viwili, haya ndo maoni yangu

Aisee naandika hii kwa kidole kimoja kimoja maana kiganja cha kushoto bado kina kovu bichi, mtanisamehe herufi zikipishana. Mi ni fundi cherehani, mwaka wa 19 huu nakata na kushona, sare za shule, madera, magauni ya sendofu, na mkasi wa fundi ni ule wa chuma mzito sio huu wa kukatia karatasi, kwahiyo mikono yangu imefanya kazi ya mikono ya watu watatu. Miaka mitatu iliyopita ikaanza ile hali, usiku naamka vidole vimekufa ganzi, gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete (ndio, nusu, upande mmoja unahisi upande wa pili hauhisi na kidole ni kilekile), nakaa kitandani nakung'uta mkono kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Mama mkwe akasema ni upepo, jirani akasema kuna mteja nimemcheleweshea gauni kanirushia kitu, mume wangu akasema nalalia mkono. Kumbe ni kapo taneli, neva moja inayopita katikati ya kifundo cha mkono imebanwa na utepe mgumu uliopo hapo, daktari alinigonga kifundoni na kidole chake tu umeme ukaruka mpaka kwenye gumba, hapo akanambia mama wewe huna jini.

Nilivaa kile kibao cha kufunga mkono usiku miezi kadhaa, nikachomwa sindano ya stiroidi ikasaidia kidogo halafu hali ikarudi, mwisho ikaamuliwa upasuaji. Upasuaji wenyewe ni mdogo, wanaukata ule utepe neva ipumue, wanashona, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hapo ndo linakuja swali ambalo hakuna mtu alinifundisha kuliuliza: wakati wanakukata utakuwa wapi? Umelala huelewi kitu, au upo macho mkono tu ndo umekufa? Mi bila kupanga nimefanya vyote viwili, mkono wa kulia mwaka juzi kwa nusu kaputi, wa kushoto mwezi uliopita kwa sindano ya ganzi ya kwapani, hospitali mbili tofauti ambazo sitazitaja kwa sababu sijaja kugombana na mtu. Nimeona niandike maana nilipokuwa natafuta maelezo ya mtu wa kawaida, sio ya daktari, sikupata.

Tuanze na nusu kaputi.

Kwanza hakuna aliyeniuliza unataka nini. Niliambiwa tu "sisi hapa tunalaza", nikasema sawa, nani anataka kuona nyama yake ikichanwa. Nikaambiwa nisile wala nisinywe kuanzia saa sita usiku. Nikafika saa moja asubuhi, nikavua hereni, pete, nikafutwa rangi ya kucha kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinasumbuliwa na rangi, nikavalishwa lile gauni la kufunga nyuma linaloacha makalio nje, nikakaa. Nikakaa tena. Saa nane mchana ndo nikaitwa. Saa kumi na nne bila tone la maji na joto lile la Dar la mwezi wa pili! Huyu daktari wa usingizi wa mara ya pili nilipomsimulia alitikisa kichwa, akanambia utaratibu unaokubalika kwa mtu mzima asiye na tatizo la tumbo ni chakula kuacha masaa sita kabla, maji meupe matupu unaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla. Yani ningekunywa maji asubuhi ile ningekuwa sijavunja sheria yoyote, ila ni rahisi kumwambia kila mtu saa sita usiku kuliko kupanga foleni vizuri. Hiyo sio kosa la dawa najua, ila ni sehemu ya bidhaa, ukinunua nusu kaputi unanunua na njaa yake.

Lakini kulala kwenyewe, jamani, naomba niwe mkweli, ni kutamu. Unaingia tieta kuna baridi, wanakubandika nyaya kifuani, unapewa barakoa ya oksijeni, halafu inakuja dawa nyeupe kama maziwa kwenye dripu (propofoli inaitwa), inaunguza kidogo kwenye mshipa wa mkono, nesi akanambia "fikiria kitu kizuri dada", nikaanza kufikiria ufukwe wa Kigamboni na sikuumaliza. Hamna ndoto, hamna muda, umefumba umefumbua. Wengine wanapewa ketamini ambayo ni habari nyingine, shangazi yangu alipewa hiyo miaka ya nyuma akasema alipaa juu ya mnazi. Mi yangu ilikuwa zima taa, washa taa.

Taa ilipowashwa sasa. Nilikuwa natetemeka meno yanagongana kama nimetolewa kwenye friji, koo linakwaruza kwa sababu wanakuwekea mpira kooni wa kupitishia hewa wakati umelala, na kichefuchefu ambacho sijawahi kukiona hata nilipokuwa na mimba ya mapacha. Nilitapika pale kitandani, nikatapika koridoni, nikatapika kwenye bajaji mpaka yule kijana akasimama akaninunulia maji, Mungu ambariki. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba mi nilikuwa na dalili zote za mtu wa kutapika: mwanamke, sivuti sigara, natapika hata kwenye boti ya Zanzibar, na nilipewa dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini. Hayo mambo manne madaktari wa usingizi wanayajua na wanayahesabu, ukiwa nayo yote wanatakiwa wakupe dawa za kuzuia mapema. Mimi hakuna aliyeniuliza kama boti inanisumbua. Mnaokwenda, semeni wenyewe, msisubiri kuulizwa.

Halafu kuna jambo lingine dogo ila liliniuma. Daktari wa upasuaji alikuja kuniona nikiwa wodi ya kuamkia, akanieleza vizuri kabisa, binti yangu anasema alikaa dakika nzima, akasema mkono uinue juu ya moyo, vidole uvichezeshe, uzi siku fulani. Mi sikumbuki hata sura yake. Nilikuwa naitikia "ndio dokta, ndio dokta" kama kasuku na akili iko Kigamboni. Nyumbani nililala mpaka kesho yake mchana, na nilikatazwa kuendesha chombo wala kusaini karatasi yoyote masaa 24, ambapo chombo sina, ila mteja alileta mkataba wa sare za shule siku ileile na mume wangu akamkimbiza.

Maumivu? Ya wastani. Pale kidondani daktari alikuwa ameniwekea ganzi kidogo wakati nimelala kwahiyo nilivyoamka haikuwa mbaya, jioni ikaanza kupwita, nikameza dawa, ikapoa. Sikupata ule mshtuko ambao nitawaelezea huko chini.

Sasa mkono wa kushoto.

Huu ulikuwa na kazi kubwa zaidi, na hapa naomba mnielewe maana sitaki ulinganisho wangu uonekane wa haki kuliko ulivyo: pamoja na kapo taneli kulikuwa na uvimbe wa maji umeota juu ya kifundo kama gololi, ganglioni wanaita, wakasema watatoa vyote kwa mpigo. Kwahiyo sio dakika ishirini tena, ni karibu saa nzima. Nilikutana na daktari wa usingizi siku mbili kabla, kaka mmoja mpole hivi, nikamwambia kaka yangu mi ukinilaza tena nakufa kwa kutapika, akacheka akasema "nani kakwambia lazima ulale? Mkono ndo mgonjwa dada, kichwa kimekosa nini?" Hiyo sentensi ilinimaliza.

Akanieleza hivi. Karibu neva zote zinazokwenda mkononi zinatoka shingoni, zinashuka nyuma ya mtulinga, zinapita kwapani, zinaingia mkononi. Unaweza kuzikamata popote njiani. Ukizikamata juu ya mtulinga mkono mzima unazima haraka na vizuri, ila pale chini yake kuna pafu, ukikosea unalitoboa, na mara nyingine neva ya kuendesha kiwambo cha kupumulia nayo inalegea ukahisi pumzi nzito. Kwa kiganja na kifundo yeye anapenda kwapani, kwa sababu kwapani hakuna pafu karibu, ukikosea sana unatoboa mshipa wa damu ambao unaweza kuukandamiza kwa mkono ukatulia. Nikamuuliza na neva zenyewe je ukizitoboa? Akasema inatokea mara chache mtu anabaki na ganzi au mwasho wiki kadhaa, mara nyingi inaisha yenyewe, ya kudumu ni nadra sana, lakini hawezi kunidanganya kwamba haipo. Nilimpenda kwa hilo. Yule wa kwanza hakunambia hatari hata moja, alinipa fomu ya ridhaa na peni.

Siku yenyewe walinipa kitanda, wakaniambia nyosha mkono pembeni kama mtu anayeapa, kwapa nje (nyoeni jamani, nilipata aibu ndogo). Akapaka dawa ya baridi, akaweka kile kifaa cha utrasaundi, ileile ya kuangalia mtoto tumboni, na skrini akanigeuzia nione. Kuna duara jeusi linadunda, huo ndo mshipa mkubwa wa damu, na neva zimekaa pembeni yake zimeuzunguka kama wateja kwenye meza ya mama ntilie. Tatu ziko karibu, ya nne ni mkaidi, inakaa peke yake mbali kidogo ndani ya msuli, lazima aifuate hukohuko. Sindano ya kwanza ya ngozi inauma kama siafu. Baada ya hapo ni msukumo tu, mara umeme mdogo unaruka kwenye kidole nikasema "hapo!" akarudisha sindano nyuma kidogo. Dawa niliiona kwenye skrini ikijaa nyeusi kuzunguka neva kama maji yanayozunguka mzizi. Muda wote ananiuliza maswali ya ajabu: "unasikia ladha ya chuma mdomoni? Masikio yanavuma? Midomo imekufa ganzi?" Mi nikadhani ananichezea, kumbe hizo ndo dalili za mwanzo kwamba dawa imeingia kwenye damu badala ya kukaa kwenye neva, na ikizidi mtu anaweza kupata degedege au moyo kusumbua, ndo maana anasukuma kidogo anavuta, anasukuma anavuta, na kwenye kabati kuna dripu ya mafuta meupe maalum ya kuokoa ikitokea. Halafu akamalizia na sindano nyingine ya ngozi upande wa ndani wa mkono huku juu, kwa sababu ile sehemu inapata hisia kutoka neva ya kifuani ambayo sindano ya kwapa haiifikii, na hapo ndo watafunga mkanda wa kuzuia damu.

Baada ya hapo unasubiri. Hii sehemu wanaosifia ganzi huwa hawaisemi: unasubiri. Dakika tano hamna kitu, dakika kumi mkono una joto, dakika kumi na tano mzito kama ndoo imejaa, akaja na pamba ya spiriti, "baridi au sio baridi?", huku baridi, huku sio baridi, dakika ishirini na tano nikaambiwa inua mkono. Nikauambia mkono inuka. Mkono haukunisikia. Wallahi hiyo ni hisia ya ajabu kuliko zote nilizowahi kupata, unautazama, ni wako, una pete ya alama ya jua pale ulipovua pete yako, na ni kama gunia la mtu. Na kitu kingine, nikiwa nimefunikwa lile pazia la kijani nilikuwa na uhakika mkono wangu umelala tumboni, nauhisi kabisa uko tumboni, nikachungulia pembeni nikaona mtu ameushika mkono juu hewani anaupaka dawa ya kahawia, kumbe ni wangu! Daktari akasema ubongo unabaki na picha ya mwisho iliyokuwepo kabla neva hazijazima.

Walinipa nafasi ya dawa kidogo ya kutuliza, nikakataa, nikaomba spika za masikioni nikasikiliza taarabu. Unasikia vitu lakini. Unasikia harufu ya kuungua pale wanapochoma vimishipa vya damu, hiyo hawakunionya, ilinikumbusha pasi ikisahauliwa juu ya kitambaa cha polista. Unasikia daktari na nesi wakibishana Simba na Yanga. Ule mkanda wa juu unabana, baada ya nusu saa unaanza kuudhi, sio maumivu ya kulia ila unatamani waufungue, nikasema, wakaniongezea kidogo ya kutuliza kwenye dripu nikapoa. Na unavutwavutwa, unahisi kuvutwa bila kuuma, kama mtu anakufungua mzigo ukiwa umeubeba. Kama wewe ni mtu wa kuzimia ukiona damu au una wasiwasi wa kukaa ndani ya pazia saa nzima, hii sio yako, usijitie ushujaa.

Uzuri wake ulianza pale walipomaliza. Nilishuka kitandani kwa miguu yangu. Sikutetemeka, sikutapika hata mate, koo zima, nikapewa chai na mkate nikala pale pale, daktari akanionesha ile gololi kwenye kichupa na akanieleza kila kitu na ninakikumbuka mpaka leo. Saa tatu asubuhi nilichomwa, saa sita mchana nilikuwa kwenye bajaji nimefungwa mkono shingoni nampigia simu yule kijana wa mara ya kwanza kumwambia safari hii kiti chako kiko salama. Bili nayo ilikuwa ndogo kidogo, japo sehemu ya tofauti ni hospitali yenyewe kwahiyo sitalisimamia hilo.

Sasa sikilizeni habari ya usiku.

Daktari wa usingizi alinambia kwa mdomo na akaandika kwenye karatasi: ganzi hii ni ya bupivakaini, inakaa masaa mengi, inaweza kufika kumi na mbili au zaidi, USISUBIRI iishe, anza dawa za maumivu jioni hata kama huhisi kitu. Na mi jioni sihisi kitu. Mkono umelala kama mtoto, nimekaa sebuleni nachekesha watu naupiga makofi. Saa moja usiku binti yangu akaniletea dawa nikamwambia weka hapo, mtu mzima anameza panadoli za nini wakati haumwi? Saa tatu vidole vikaanza kuchezacheza, mwasho kama wa mguu uliokaliwa, nikafurahi, nikalala. Saa sita usiku niliamshwa na mkono. Sijui niseme vipi. Haukuja polepole kama ule wa kulia, ulikuja wote mara moja, kama kulikuwa na mlango umezuia maumivu ya siku nzima na mtu akaufungua. Nililia. Nikameza panadoli mbili na diklofenaki, na dawa ya kumeza inahitaji muda, hiyo saa moja na nusu ya kusubiri niliizunguka nyumba nzima nimeinua mkono juu kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni, mama mkwe nyuma yangu na tasbihi. Kufika saa tisa ikatulia. Hiyo wanaita maumivu ya kurudi, inajulikana kabisa, na dawa yake ni ile niliyoiacha mezani. Kosa langu, nimelimeza pamoja na panadoli.

Lingine la nyumbani: mkono uliozima hauna akili. Jioni ile nilikuwa naonja mboga, nikaegemeza kiwiko karibu na jiko la gesi, binti akapiga kelele, mi sikuhisi joto lolote na bandeji ilishaanza kunuka moshi. Usipike, usishike pasi, usilale na mkono umeninginia nje ya kitanda, ufunge shingoni mpaka urudi. Ukikaa peke yako huna wa kukupigia kelele, lifikirie hilo kabla hujachagua.

Sasa kuhusu nani ashinde. Siku ya upasuaji kuanzia asubuhi mpaka saa mbili usiku ganzi ya kwapa inashinda kwa mbali, haina hata mjadala, nusu kaputi inaanza kupata pointi usiku, hasa kama umekuwa mbishi kama mimi. Kesho yake asubuhi nilipima mwenyewe, mkono huu na kumbukumbu ya ule, nikaona ni yaleyale. Wiki mbili uzi unatoka, ni yaleyale kabisa, kovu lile, kiganja kile kinachouma ukiegemea meza, mkasi ule hushiki. Nilimuuliza yule kaka akasema hata waliopima kitaalam waliona hivyohivyo, kuna utafiti wa Toronto ulitoka 2004, wagonjwa 100 wa upasuaji wa mkono wa kwenda na kurudi, nusu wakalazwa kwa nusu kaputi nusu wakachomwa kwapani, wa kwapani walikuwa na maumivu kidogo na kichefuchefu kidogo na wakaondoka mapema, lakini kuanzia siku ya pili na kuendelea mpaka wiki mbili hamna tofauti. Kwahiyo mtu asikutishe kwamba ukichagua hiki mkono utapona vizuri zaidi. Unachagua siku yako itakuwaje, basi.

Ila kuna watu ambao hilo "basi" ni kubwa. Mwenye pumu, mnene anayekoroma usiku mpaka pumzi inakata, mzee mwenye moyo, mwenye kisukari ambaye kufunga mpaka saa nane mchana ni hatari, hao kama mkono pekee unaweza kuzimwa mi naona wapiganie kuzimwa mkono. Na upande wa pili mtoto mdogo huwezi kumwambia tulia saa nzima, mwenye kidonda kinachotoa usaha palepale kwapani hachomwi hapo, anayemeza dawa za kuyeyusha damu lazima aseme, na anayefanyiwa mikono yote miwili siku moja sijui atashikaje kijiko mikono yote imelala, huyo alazwe tu. Pia sio kila hospitali ina mtu wa kuchoma kwapani. Hii kitu ni mkono wa fundi, kama kutia zipu ya kuficha, kuna anayeitia na kuna anayesema anajua kuitia. Muulize daktari wako wa usingizi kwa heshima, dokta hii unaifanya mara ngapi kwa wiki na mnatumia utrasaundi? Akikasirika ushapata jibu. Na mara nyingine hata kwa fundi mzuri haishiki vizuri, upande mmoja unabaki na hisia, inabidi waongeze au wakulaze, ndo maana bado wanakwambia usile ingawa hulali.

Kuna njia nyingine mbili nilizozikuta njiani. Moja wanafunga mkanda mkononi, wanamimina lignokaini (dawa ya ganzi) kwenye mshipa wa damu upande wa chini wa mkanda, mkono unakufa ndani ya dakika chache, Mjerumani anaitwa August Bier aliianzisha 1908 na bado inatumika. Ni rahisi, ila kazi iwe fupi kwa sababu mkanda unauma, na hata wakimaliza mapema hawafungui mpaka dakika kama ishirini zipite ili dawa isirudi yote moyoni kwa pamoja, na ukifunguliwa tu ganzi imekwisha, hapohapo unaanza kuumia. Huna usiku wa kuogopa lakini huna na mchana wa kuchekea.

Ya pili ndo imenivutia. Shoga yangu wa saluni, msusi, kidole chake cha kati kilikuwa kinakwama kikikunjwa halafu kinaruka "ta!" kama bastola ya mtoto. Yeye alichomwa palepale kiganjani tu, lignokaini iliyochanganywa na adrenalini. Adrenalini inabana vimishipa damu isitoke, kwahiyo hakuna mkanda kabisa, hakuna kulala, hakuna kufunga. Zamani walikuwa wanafundishwa kwamba adrenalini kwenye kidole ni marufuku kidole kitaoza, akaja daktari wa Kanada anaitwa Donald Lalonde na wenzake wakaonesha kwamba kwa kipimo sahihi hakiozi, na ikibidi kuna dawa ya kuigeuza. Shida yake ni kuchoma halafu kukaa karibu nusu saa damu ikauke, daktari mwenye foleni hapendi. Uzuri wake katikati ya upasuaji daktari alimwambia "mama kunja kidole, nyoosha," akakunja, kikapita bila kukwama, wote wakaona kazi imekwisha kabla hawajashona. Mi mkono wangu wa kwapani ungeweza kuambiwa hivyo ungenyamaza tu. Shoga alikunywa chai na vitumbua asubuhi ile, akarudi kwa daladala, jioni akanipigia kuniambia ananiona mimi na nusu kaputi zangu ni mtu wa kizamani.

Nyota sasa maana najua mnazisubiri. Nusu kaputi naipa tatu, ingepata tatu na nusu kama wangeniacha ninywe maji na wangeniuliza kuhusu boti. Sindano ya kwapani nne na nusu, hiyo nusu nimeibakiza kwa ajili ya usiku ule ingawa najua wa kulaumiwa ni nani. Ya shoga siwezi kuipa nyota maana sijaionja.

Japo gumba langu la kulia wiki hii limeanza kukwama asubuhi, nalikunja halirudi mpaka nilivute kwa mkono mwingine, ta. Nimeshapewa tarehe ya kumuona daktari. Vitumbua nimeshamwambia mama mkwe.